Kona ya Kulia

Ijumaa, 1 Machi
Kesho msimu unaanza. Nimechonga penseli nne na kupiga mistari ya daftari jipya kwa rula. Siku za kazi mimi ni karani wa masjala ya chuo: barua, mafaili, mihuri. Jumamosi, huu mwaka wa kumi na tisa, naketi kwenye meza ya kando ya uwanja wa mpira wa kikapu na kuandika nani katupa, kutokea wapi, mpira umeingia au haukuingia. Hakuna aliyeniajiri kwa kazi hiyo. Niliiomba mwenyewe mwaka mmoja, ikaning'ang'ania kama kupe. Wachezaji wananiita Mama Daftari, na mume wangu naye kalidaka jina hilo.

Mwaka huu kila mtu anamzungumzia Sindano. Ni binti wa mwaka wa nne, anasomea upimaji wa ardhi, na jina alipewa kwa jinsi mpira wake unavyopita kwenye pete bila kugusa chuma. Vikapu vyake vya mbali, vile vya nje ya mstari vinavyohesabiwa pointi tatu, ni hivi: mwaka wa kwanza 41, wa pili 72, wa tatu 81. Jumla 194. Rekodi ya chuo ni 243, ya binti mmoja wa miaka kumi na miwili iliyopita ambaye sasa ni mkunga. Vikapu vyake vyote niliviandika mimi. Sindano akifunga kama mwaka jana, ataipita kwenye mchezo wa kumi.

Nimempigia hesabu mara tatu kama vile ni mwanangu. Yeye wala hana habari nami.

Jumamosi, 2 Machi
Mchezo wa kwanza. Tumeshinda. Sindano: mitupo 10, vikapu 5.

Alhamisi alikuja masjala kugongewa muhuri barua yake ya mafunzo. Dawati langu liko kushoto kwa anayeingia. Alipita kama ninavyopita mimi kando ya kabati, akaenda moja kwa moja kwa mwenzangu wa kulia. Hata salamu! Miaka yote mitatu iliyopita alikuwa akiniamkia tangu mlangoni. Umaarufu ni kama hamira: unga uleule, ila unavimba.

Jumamosi, 9 Machi
6 kati ya 12. Kiberiti, yule mfupi anayegawa mipira, msimu huu kazuka na tabia ya kupiga kelele kila anapompa Sindano pasi. "Sindano! Sindano!" Kama muuza samaki. Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 14 Machi
Mawingu. Mume wangu, fundi wa saa, amepokea saa ya ukutani ambayo mwenyewe anasema "imechoka tu." Kaifungua, ndani kuna mjusi aliyekauka.

Jumamosi, 16 Machi
Mvua ya kwanza. Uwanja wetu una paa la mabati, na ikinyesha husikii hata filimbi. Mwamuzi inabidi apunge mikono kama anayefukuza nyuki. Tumeshindwa. Sindano 2 kati ya 11.

Jumamosi, 23 Machi
Mvua tena. Paa linavuja nyuma ya kona ya kulia, wameweka ndoo. Sindano 1 kati ya 10. Pasi moja ya Kiberiti ilimpita sikioni akiwa amesimama kama mlingoti, ikaenda kupindua ndoo. Watazamaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Kocha hakucheka. Alimwita Sindano kando, akampigia mayowe ambayo kwa mvua ile tuliyaona tu, hatukuyasikia.

Jumamosi, 30 Machi
Jua. 5 kati ya 11. Watu wanasema amerudi.

Jumamosi, 6 Aprili
5 kati ya 11. Penseli ya pili imekwisha.

Jumatano, 10 Aprili
Leo nimekutana na Sindano ukumbini. Alikuwa ananijia, nami nikajisemea, potelea mbali, mkubwa kumwanza mdogo hakuvunji mfupa. Nikamsalimu. Alishtuka kama mtu niliyemwamsha usingizini, akageuza kichwa chote.

"Samahani, mama, sikukuona."

Nina kilo themanini na tano na nilikuwa nimevaa gauni la njano. Ana dharau, na sasa kaongeza uongo.

Jumamosi, 13 Aprili
Mvua. 2 kati ya 12. Kocha ametangaza dawa: kila alfajiri, kabla ya masomo, Sindano atatupa mitupo mia tatu peke yake. "Mkono ukilala unaamshwa," anasema. Wachezaji wananong'ona kuwa kuna mwanamume. Kila binti anapokosea kitu, mwanamume hakosekani kwenye maelezo.

Jumamosi, 20 Aprili
Jua kali. 6 kati ya 13. Mtu aelewe nini hapo?

Jumamosi, 27 Aprili
Mvua kubwa kuliko zote. 1 kati ya 9. Baada ya mchezo nilipeleka karatasi ya matokeo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikamkuta Kocha kasimama mbele ya Sindano.

"Mkono umekufa!" alisema. "Umekufa, na wewe unaringa nao kama uko hai!"

"Mkono mzima, Kocha."

"Sasa kama mkono mzima, kibovu ni nini?"

Sindano alikuwa akikunja taulo, analikunja, analikunjua. Kiberiti alikuwa pembeni akifunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa. Niliweka karatasi yangu nikatoka, na nakiri nilikuwa upande wa Kocha.

Jumamosi, 4 Mei
Hapakunyesha. 5 kati ya 10. Jumla ya maisha yake chuoni: 232. Bado 11 kuifikia rekodi, 12 kuipita, na michezo imebaki sita.

Kiberiti sauti imemkauka kabisa. Alipokuja mezani kunywa maji nikamwambia, "Wewe mtoto, huchoki kupayuka? Mwenzio si kiziwi."

"Nikinyamaza, nani atamwambia mpira unakuja?"

Akasema hivyo, halafu akaziba mdomo kwa kiganja na kuondoka mbio. Naliandika kwa sababu limenikaa kama mwiba wa samaki.

Jumatatu, 6 Mei
Leo nitaandika mengi.

Saa kumi jioni nilimpelekea mume wangu chai kibarazani anakofanyia kazi. Alikuwa na saa ndogo ya mkononi, ile lenzi yake imebanwa kwenye jicho la kushoto. Nikamnyooshea kikombe upande huo. Hakushika. Nikasubiri. Hakushika. Nikasema, "Baba, chai," akageuka ghafla, kiwiko kikapiga kikombe, chai yote gaunini.

"Miaka ishirini na tisa," alisema, "na hujajifunza. Nikiwa na lenzi, upande huu kuna ukuta. Nipitie kulia, au niite kwanza."

Au niite kwanza.

Nilisimama pale gauni linachuruzika. Kisha nikaingia ndani, nikalitoa daftari, nikalifungua mezani bila hata kubadilisha nguo.

Siku za mvua: michezo minne, mitupo 42, vikapu 6. Siku kavu: michezo sita, mitupo 67, vikapu 32. Nilidhani ni unyevu, mpira unateleza. Lakini mitupo huru, ile ambayo mchezaji anakabidhiwa mpira mkononi na kutupa bila kusukumwa na mtu: 34 kati ya 36, mvua na jua vilevile. Mkono haujafa. Mkono hauna hata mafua.

Nikatazama mahali alipotupia. Mchezaji akisimama kona ya kushoto na kuelekea kikapu, pasi humjia kutoka kulia kwake. Kona hiyo yuko sawasawa, mvua inyeshe isinyeshe. Akisimama kona ya kulia, pasi humjia kutoka kushoto. Kona ya kulia siku kavu, Kiberiti anapoita: 9 kati ya 20. Kona ya kulia siku za mvua, mabati yanapomeza sauti: mitupo 16, vikapu sifuri.

Haoni kushoto. Anacheza kwa masikio.

Na dawati langu liko kushoto kwa anayeingia.

Jumanne, 7 Mei
Sikufanya lolote la maana. Nimegonga muhuri barua moja mara mbili.

Jumatano, 8 Mei
Nilimwita masjala saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka. Nilimwambia kuna barua yake. Alikaa, nami nikasimama kushoto kwake, nikanyoosha bahasha tupu karibu na shavu lake, kiasi cha shibiri moja. Akawa anaangalia mbele, akinisubiri kwa adabu.

"Iko wapi, mama?"

"Iko hapa, mwanangu. Tangu ulipokaa."

Aligeuza kichwa akaiona. Hakuuliza bahasha ya nini. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika, nami nikafunga mlango.

Ilikuwa katikati ya Februari, mazoezini. Yeye na Kiberiti waliruka mpira mmoja, kiwiko cha Kiberiti kikamwingia jichoni. Barafu, wakacheka, yakaisha. Baada ya siku chache akaanza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho la kushoto, hata mchana. Kisha kivuli, kama mtu anayevuta pazia kutoka upande wa sikio, polepole, kila wiki kidogo.

"Limefika wapi sasa?"

"Karibu na katikati, mama. Mbele bado naona. Pete naiona vizuri kabisa."

"Nani anajua?"

"Kiberiti. Nilimwapisha. Ndiye aliyebuni kuita."

Nikamuuliza daktari kasema nini. Hakuna daktari. Mama yake ni mpishi wa shule, kamlea peke yake, akiambiwa atakuja kumchukua siku hiyohiyo. Na Kocha atamtoa. Na hivyo, na vile.

"Mficha maradhi, mwanangu, unajua kinachomuumbua."

"Najua. Nakuomba michezo miwili tu. Vikapu kumi na viwili. Nimetupa tangu nina miaka tisa, mama, kwenye ringi ya baiskeli iliyogongomewa ukutani. Kitu cha kuandikwa jina langu kipo kimoja tu, nawe ndiye mwandishi."

Hapo ndipo aliponipata. Nikisema nilimhurumia nitakuwa nasema nusu. Miaka kumi na tisa nimeandika vikapu vya watu, na rekodi niliyowahi kuiandika ni moja. Nilitaka kuiandika hiyo nyingine. Niliiona kabisa, 244, kwa mwandiko wangu.

Basi nikafanya lile ambalo watu wazima hufanya wanapotaka kukosea kwa heshima: nikaweka masharti. Atacheza Jumamosi moja, sio mbili. Jumatatu asubuhi nitampeleka mwenyewe kwa daktari wa macho, na nimekwisha piga simu, tumepewa saa tatu. Akikataa, namwambia Kocha leo. Alinishika mkono akaubusu.

Nilirudi nyumbani nikijiona mwenye busara. Mume wangu aliposikia aliiweka bisibisi chini.

"Saa ikianza kupoteza dakika," alisema, "huambiwi usubiri mpaka Jumatatu."

"Ni siku tano tu, baba."

"Sawa. Mimi ni fundi wa saa, sio wa macho."

Akaendelea na kazi, nami nikamnunia hadi tulipolala.

Ijumaa, 10 Mei
Mawingu. Naomba isinyeshe. Sijui naomba kwa faida ya nani.

Jumamosi, 11 Mei
Haikunyesha.

Sijawahi kuona mchezo kama ule. Kikapu cha kwanza kona ya kushoto, cha pili katikati, cha tatu katikati, mpinzani akiwa kamrukia usoni. Kiberiti alikuwa na sauti mpya, amekunywa sijui dawa gani, na kila "Sindano!" ilisikika hadi nje. Kufikia mapumziko Sindano alikuwa na vitano. Nilikuwa natoka jasho la mikono, karatasi inaloa.

Kipindi cha pili wapinzani wakamwekea watu wawili. Akawa anawapeleka kona ya kulia, ile kona mbovu, wanamfuata. Anasimama kichwa amekiinamisha kidogo, anasikiliza. Mpira unatua mikononi kabla macho yake hayajageuka. Cha sita. Cha saba. Kijana mmoja wa jukwaani akawa anahesabu kwa kelele vilivyobaki, uwanja mzima ukamfuata. "Bado tano! Bado nne!" Cha tisa kilikuja filimbi ya mwisho ikiwa mdomoni mwa mwamuzi. Kilipita kwenye pete kwa sauti ile ya nguo inayochanika.

9 kati ya 12. Hajawahi kufunga vingi hivyo katika mchezo mmoja. Jumla 241. Viwili kuifikia, vitatu kuipita.

Walimbeba. Walipomshusha alikuja mezani moja kwa moja.

"Ngapi?"

"Mia mbili arobaini na moja."

"Vitatu," alisema. "Mama, vitatu tu." Alikuwa anacheka, lakini kichwa kimelala upande kama kuku anayekagua punje. "Jumatatu nakumbuka. Sijasahau."

Nami nilikuwa nacheka. Naliandika hilo ili lisije likapotea.

Jumapili, 12 Mei
Simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kiberiti, analia, sielewi neno. Mume wangu akaichukua, akasikiliza, akaniambia vaa viatu.

Nilimkuta Sindano kwenye kitanda cha bweni ameketi wima, mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Pazia limefunga. Jicho la kushoto linatofautisha mwanga na giza, basi. Hakuwa analia. Aliniuliza kama bado kuna haja ya kusubiri Jumatatu.

Daktari wa zamu alimtazama dakika mbili akampigia bingwa simu. Utando wa ndani ya jicho, ule unaopokea picha, umebanduka wote. Upasuaji kesho. Nikamuuliza bingwa kwenye korido, sikuweza kujizuia, kama siku chache zingebadilisha kitu. Alikuwa mtu mpole. Alisema kiini cha katikati, pale pa kusomea, huenda hadi juzi kilikuwa bado kimeshika. Kikiwa kimeshika wanakiokoa. Kikishabanduka, wanarudisha utando mahali pake, lakini kuona hakurudi kote.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazaliwa mapema.

Jumanne, 14 Mei
Upasuaji ulikwenda vizuri. Wameingiza hewa maalumu ndani ya jicho ibane utando, na ili hewa ikae inapotakiwa lazima alale kifudifudi, uso chini, siku saba, ataamka kula tu.

Mama yake alifika jana jioni. Mwanamke mwembamba, mikono ina alama za kuungua za mpishi. Leo tulikuwa wawili kando ya kitanda, Sindano akisinzia kwa dawa. Aliniuliza, bila kuniangalia, huku akinyoosha shuka:

"Wewe ndiye uliyegundua?"

"Ni mimi."

"Lini?"

Ningeweza kusema juzi. Ningeweza kusema Jumatatu ya wiki iliyopita, lakini siku hiyo nilikuwa bado nakisia. "Nilipata uhakika Jumatano," nilisema. "Tarehe nane, saa saba mchana. Aliniomba acheze Jumamosi, nikakubali."

Akaendelea na shuka. Alilinyoosha mahali palepale muda mrefu, mpaka nikaanza kutafuta mkoba wangu niondoke.

"Siku tatu," alisema. "Mimi nilikuja kumwona mwezi wa tatu, nikakaa naye siku mbili. Akanimiminia chai nje ya kikombe. Nikamwambia, mapenzi hayo yatakupofusha. Nikacheka, mwenzangu. Nikaenda zangu."

Nikauweka mkoba chini.

"Sikusamehe leo," alisema. "Nisikudanganye. Lakini anatakiwa asogezwe, na peke yangu siwezi. Shika miguu."

Nikashika miguu.

Alhamisi, 16 Mei
Kocha alikuja masjala. Nilijua kapata habari maana alifunga mlango taratibu, yeye ambaye hafungi mlango bila kuubamiza.

"Mama Daftari, ulijua na ukaniacha nimwingize uwanjani?"

"Ndiyo, Kocha."

"Mtu mzima kama wewe!"

"Ndiyo."

Alitaka kuendelea, naona alikuwa ameyaandaa mengi njiani. Badala yake akakaa kwenye kiti cha wageni, kofia mkononi. "Mitupo mia tatu," alisema. "Alfajiri, kila siku, kwa mwezi mzima. Nikamwambia mkono umekufa. Mbona hukunionyesha hilo daftari mapema?"

"Hukuwahi kuliomba. Nami sikulielewa."

Ni kweli. Wote wawili tulikuwa tunaangalia pale mpira unapoingia. Hakuna aliyeangalia unapotoka.

Nimemwambia atafute mtu wa meza msimu ujao. Akasema tutazungumza.

Ijumaa, 17 Mei
Nimekaa na Sindano wakati wa kuona wagonjwa. Amelala uso chini kwenye mto wenye tundu, kwa hiyo ili kuzungumza naye nimetandika khanga sakafuni nikalala chali chini ya uso wake, mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Muuguzi aliingia akanikuta hivyo, akatoka kimyakimya akidhani amekosea chumba.

Aliniomba nimsomee. Nilikuwa na madaftari yote manne. Nikaanza mwaka wa kwanza, mchezo wa kwanza: mitupo 6, vikapu 0.

"Nilitapika kabla ya mchezo ule," alisema.

Nikaendelea. Anakumbuka karibu vyote. Mwaka wa pili kuna mchezo mmoja mtupu; bibi yake alikuwa amefariki, alikuwa mazishini. Mwaka wa tatu kuna kikapu kimoja alichofunga kiatu kimemvuka. Kiberiti alikuwa kitini, na tulipofika msimu huu akawa anasema kabla yangu, "Pasi yangu. Pasi yangu. Hiyo pia yangu," mpaka sauti ikamkatika, akaweka kichwa juu ya mgongo wa mwenzake wakakaa hivyo.

"Kiwiko ni kiwiko," Sindano aliiambia sakafu. "Ungekuwa umenigusa taratibu ningekuona mvivu."

Jumamosi, 18 Mei
Mvua. Tumeshindwa. Kiberiti alipiga pasi moja kona ya kulia na kupiga kelele. Hapakuwa na mtu. Mwamuzi akasubiri kidogo kabla ya kupuliza filimbi.

Jumamosi, 25 Mei
Tumeshindwa.

Jumamosi, 1 Juni
Tumeshinda. Sindano ametolewa hospitali juzi, yuko nyumbani kwa mama yake. Jicho linaona mkono ukipungwa.

Jumamosi, 8 Juni
Tumeshinda. Nimepokea simu ya yule mkunga mwenye rekodi. Alikuwa amesikia. Akasema angependa ipitwe, maana miaka yote watu wakimtambulisha wanamtaja vikapu kabla ya watoto aliowazalisha. Nikamwambia namba ni namba, itabaki kwake. Akacheka akasema basi apewe binti salamu zake.

Jumamosi, 15 Juni
Mchezo wa mwisho. Tumeshindwa kwa pointi mbili. Msimu umekwisha.

Jumatatu, 17 Juni
Msimu ukiisha, namba za penseli huzipitia kwa wino, na mchezaji wa mwaka wa nne huweka sahihi chini ya mstari wake. Sindano alikuja chuoni leo na mama yake kuzungumza na mkuu wa idara. Mafunzo ataendelea nayo. Kipimio cha ardhi, mkuu kamwambia, kinatazamwa kwa jicho moja hata na wenye mawili. Uwanjani harudi. Bingwa kasema kiwiko kingine hapana.

Mama yake alinisalimu, akakaa nje kwenye benchi. Binti akaingia.

Nilikuwa nimewaza jambo hili wiki nzima. Nikamwonyesha mstari wa tarehe 11 Mei na kumwambia nataka kuuwekea nyota, na chini niandike maelezo, kwamba mchezo huo mchezaji hakustahili kuruhusiwa kucheza.

Aliinama juu ya ukurasa. "Mama, hivi tisa unavionea aibu?"

"Naona kama nilikuibia."

Alifikiri. Siku hizi anafikiri akiwa amegeuza uso kidogo, ili anione mzima.

"Nilikuomba, nawe ukakosea kunikubalia," alisema. "Hilo lipo, sitakudanganya. Kuna asubuhi naamka nimekasirika, na sio na wewe tu. Lakini vikapu nilivifunga mimi. Ni vya ghali kuliko vyote mia mbili na ushee. Usivitie nyota. Viandike kama vingine."

Basi nikaandika kwa wino: 12, 9. Kisha mstari wa jumla: michezo 58, mitupo 622, vikapu 241.

"Andika tena pembeni," alisema. "Kubwa."

Nikachukua karatasi nyeupe nikaandika 241, kila tarakimu upana wa kiganja, nikaikoza kwa wino. Akaisimamisha mbele ya uso wake, akaziba jicho la kulia kwa mkono. Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la vitabu, tukasubiri apite, kana kwamba kelele ingemzuia kuona.

"Mbili naiona," alisema. "Nne inatetemeka."

Alisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali, akaisogeza tena karibu.

"Moja siioni."

"Ipo," nilimwambia.